Buni Niliyoitema Isingiro

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza mnadani, na juzi mmeniuliza msibani, tena kaburi halijafukiwa vizuri: Ta Projestus, mbona siku hizi ukisimama kwenye posa unasema maneno mawili unakaa? Wapo waliosema naumwa koo. Wapo waliosema nimezeeka. Aliyesema nimepata hekima namshukuru, ila amekosea kuliko wote. Kilichonipata ni safari, tena ya siku moja tu, kwenda Isingiro na kurudi. Nimeona bora niiandike muisome wote kwa pamoja, kisha mniache nipalilie migomba yangu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mkulima wa Ihanda, lakini jina langu halikutoka shambani. Lilitoka mdomoni. Ukiwa na binti wa kuozwa au kijana wa kuoa, huku kwetu unaniita mimi nikusemee. Niliwahi kusema saa nzima kuomba tu ruhusa ya kukaa. Nilipokaa watu walipiga makofi sana, nami miaka yote nilidhani ni kwa uzuri wa maneno.

TUMBO MOJA

Jovitha, mdogo wangu wa pekee, alikuwa amelazwa hospitali na mimba ya miezi minane. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini likaziba njia ya mtoto, na damu ilikuwa imeshamtoka mara mbili. Asubuhi hiyo daktari alituita kwenye korido, mimi na Anitha, binti mkubwa wa Jovitha, akasema waziwazi: lazima apasuliwe leo, lakini hawezi kumgusa kwa kisu bila damu ya akiba kuwa tayari. Kundi lake ni O hasi, na watu wa kundi hilo ni wa kutafuta. Kwenye jokofu damu za makundi mengine zilikuwepo, hiyo hakuna. Shemeji yangu alikuwa ameshapanda gari alfajiri kwenda kuifuatilia Bukoba, ila ingefika pengine kesho.

"Na kesho ni mbali," alisema daktari.

Mimi hapo nikaona jukwaa. Nikavua kofia. "Daktari, tunahangaika na Bukoba ya nini? Mimi na Jovitha tumelala tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Damu nzito kuliko maji! Nitoeni mimi, nitoeni mpaka tone la mwisho!" Wagonjwa wote kwenye foleni waligeuka. Mama mmoja alifuta machozi kwa kitenge.

Nikapelekwa maabara. Mama wa maabara, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alinishika kidole akakichoma kwa kisindano ili apime kundi langu. Kidole tu, jamani. Kitu nilichokiona baada ya hapo ni dari, miguu yangu iko juu ya kiti, na Anitha ananipepea kwa kofia yangu mwenyewe.

"Mpaka tone la mwisho," alisema yule mama, "na limetoka la kwanza tu."

Akaniambia mimi ni B chanya. Nikabisha. Nikaanza kumuuliza kama anataka kusema mama yetu alikuwa na mambo yake, akanikatiza kabla sijamtukana marehemu. Alisema watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kabisa kutofautiana makundi, si ajabu. "Yako itamfaa mtu mwingine, na ukirudi nitaichukua. Dada yako anataka O hasi."

Anitha aliinama akaninong'oneza: "Mjomba. Novatus."

Loo! Novatus ni mchumba wake. Siku walipoleta posa, nilimwambia kijana mbele ya wazee ajieleze yeye ni nani, nikitegemea aanze na ukoo. Akatoa mfukoni kadi ya mchangia damu, akasema yeye ni O hasi na huchangia kila gari la damu likifika Kimuli. Nilicheka mpaka nikakohoa. "Kijana, tumekuuliza ukoo, hatukukuomba cheti cha chanjo ya ng'ombe." Ukumbi wote ulicheka, na Novatus akairudisha kadi yake mfukoni taratibu. Sasa kadi ileile ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Tulipiga simu, haipatikani. Anitha asingeweza kwenda: kwetu mchumba hakanyagi kwa mwanamume kabla ya harusi, na tena mama yake angebaki na nani? Nikabaki mimi. Mama wa maabara alinifuata mpaka mlangoni. "Mwambie ale vizuri, anywe maji, aje. Ni hayo tu. Na damu haitoki mkono huu ikaingia mkono ule, lazima tuipime kwanza kama ni salama, na kupima kunataka muda. Kwa hiyo usichelewe."

"Mama," nikamwambia, "umemtuma fundi."

KOTI LA IHANDA

Dereva wangu wa bodaboda alikuwa Sweetbert, mtu wa makamo. Mungu alipogawa maneno, fungu la Sweetbert nadhani nilipewa mimi. Alishika njia ya Kimuli, kwa kuwa Novatus ni mwalimu wa shule ya msingi kule. Nikamgonga bega, apitie kwangu Ihanda kwanza.

Kwa nini? Koti. Nilikuwa na malapa na shati la shambani, na ukweni hakuendewi hivyo. Nikavaa koti jeusi la posa, nikachukua fimbo, nikaanza kutafuta kofia ile ya pili. Mke wangu alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka.

"Jovitha anatoka damu, wewe unatafuta kofia?"

Nikamjibu kwamba mambo ya ukweni yana taratibu zake. Aliendelea kugeuza kahawa yake bila kunitazama. Nje, Sweetbert hakuwa hata amezima pikipiki.

Ilikuwa kiangazi, na barabara yetu mnaijua. Tulipofika Kimuli koti langu jeusi lilikuwa rangi ya tofali, na kofia niliyoitafuta muda wote ule ilikuwa imebaki Ihanda.

MSIBA WA KIMULI

Novatus amepanga chumba kwa mama mmoja pale Kimuli. Tulimkuta uani anamenya ndizi. Sasa mtazameni huyo mama alichokiona: mtu mzima, koti la heshima, fimbo mkononi, vumbi mpaka kope, uso mzito, anashuka kwenye pikipiki na kumuulizia kijana kwa jina. Kisu kilimdondoka.

"Yesu wangu! Mwalimu kafiwa na nani?"

Akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele. Sijamaliza kujipangusa, majirani wameshaingia. Mmoja ana kigoda, mwingine ameshajifunga kitenge kiunoni tayari kwa matanga. Mtu mwenye akili angesema "hakuna msiba" akamaliza. Mimi nikagonga fimbo chini, nikaanza: "Ndugu zangu wa Kimuli, duniani sisi sote tunapita..."

Kilio kikawa maradufu.

Ni Sweetbert aliyeokoa. Alisema akiwa bado juu ya pikipiki: "Hajafa mtu. Anamtafuta Mwalimu akatoe damu." Kilio kikakatika palepale. Yule wa kitenge alinitazama kwa hasira kana kwamba nimemdhulumu.

Mama mwenye nyumba akasema shule zimefungwa, Mwalimu yuko kwao Isingiro anachuma kahawa, na kule simu hushika mtandao wa Uganda, tusijisumbue kupiga. Tukageuka tuondoke, akasimama mlangoni. "Umeniliza bure. Chakula changu usikikatae." Ungekataa wewe? Tulikula ndizi na maharage. Sweetbert alimaliza sahani mbili kimya. Mimi moja na nusu, na kila nikimeza namwona Jovitha kitandani, najiuliza mimi ni mtu wa namna gani, kisha nameza tena.

HOTUBA

Isingiro tulifika saa saba. Novatus alikuwa uani na kapu la kahawa, na aliponiona tu alisimama, maana uso wangu ulisema kabla yangu. Ningekuwa Sweetbert, ningesema maneno manne tukaondoka. Lakini baba yake, Mzee Anatory, alikuwa ameshatoka kunipokea, na ndani alikuwepo mama mzazi wa mzee, Ma Konsolata, bibi anayepewa shikamoo na kila mtu. Kuingia ukweni na kusema "nipeni damu" kama anayeomba chumvi? Nikaona aibu. Nikaingia, nikakaa, nikasubiri waketi wote.

Ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi yetu kwa mgeni. Na ile kahawa ndiyo iliyonipa wazimu.

Vijana huenda hamjui. Zamani, kabla babu zetu hawajabatizwa, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walikula omukago. Walichanjwa chale, wakachukua tunda moja la kahawa, na kwa kuwa ndani yake zimo buni mbili, kila mmoja alipaka ya kwake damu yake na mwenzake akaila. Kuanzia hapo ni ndugu kabisa. Shida yake ni yako, msiba wake ni wako, na watoto wenu hawaoani.

Basi nikasimama. Nikachagua kikapuni tunda moja, nikalipasua ganda. Buni moja nikampa Mzee Anatory, ya pili nikaitia mdomoni mwangu. Nikawaeleza habari ya Jovitha, na hapo ningekaa. Sikukaa. "Mzee wangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, nasema kweli, "damu ya nyumba hii leo inakwenda kuingia nyumba yetu. Kuanzia leo sisi si wakwe tena. Ni ndugu wa damu! Novatus si mkwe, ni mtoto wa Jovitha, kana kwamba amemzaa yeye!"

Mzee Anatory, maskini, alichangamka akatafuna buni yake akaimeza. Novatus alikuwa ameshafunga kiatu kimoja.

"Kaa chini," alisema Ma Konsolata.

Alikuwa anamwambia Novatus, lakini mimi nikakaa pia.

"Kama Novatus ni mtoto wa Jovitha," akaniuliza, "Anitha ni nani wake?"

Nikaanza kuhesabu ukoo kwa vidole.

"Ni dada yake," akajijibu. "Na mjukuu wangu haoi dada yake. Achague: akatoe damu, au aoe."

"Bibi, yale yalikuwa mapambo tu ya maneno."

"Mapambo! Na siku ya posa ulisema kwa mdomo upi? Si huohuo? Nayo ilikuwa mapambo?"

Hapo nilinaswa. Nikisema maneno yangu ni kweli, harusi imekufa. Nikisema ni uongo, harusi imekufa vilevile. Na Jovitha hakuwa na muda wa kesi. Mgongo ulinitoka jasho ndani ya lile koti nililolifuata Ihanda.

Novatus alijaribu. "Bibi, nimeshachangia Kimuli mara tatu. Sijui damu yangu ilikwenda kwa nani. Kama kila aliyeipata ni ndugu yangu, wilaya hii nitaoa wapi?"

"Hao hukuwaona," alisema bibi, "na hakuna mpumbavu aliyewalia buni."

Mpumbavu nilikuwa mimi, na hakuna aliyeuliza.

Mlango ukafunguka. Sweetbert aliingia bila hodi, ameshika simu yake juu, sauti imefunguliwa. Alikuwa amezunguka uani akitafuta mtandao, na Anitha alikuwa amempata.

"Mjomba?" Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini sote tuliisikia. "Mjomba, mmempata? Damu imeanza kumtoka tena. Daktari anauliza mko wapi. Mama ananiuliza kama nimekula, Mjomba, yeye ananiuliza mimi! Sema basi!"

Sema basi. Mimi Projestus wa Ihanda niliambiwa niseme, nikashindwa.

Ma Konsolata aliisogelea simu. "Anitha mwanangu, anakuja." Kisha akanigeukia. "Fungua mdomo. Ile buni umeimeza?"

Nikapapasa kwa ulimi. Ilikuwepo, shavuni, nzima. Nilikuwa nimesema mfululizo hata nafasi ya kutafuna sikuipata.

"Iteme."

Niliitema kiganjani mwake, mtu mzima mimi, na koti langu. Aliinua mkono akawaonyesha wote. "Mmoja amemeza, mmoja ametema. Huo si omukago, ni uchafu tu. Hakuna undugu. Novatus ni mkwe, atatoa damu kama mkwe, na alipolala mama mkwe wake hataingia. Heshima ibaki palepale." Akaichukua fimbo yangu akanielekezea kifuani. "Na wewe. Leo ukitumwa neno na huyu kwa yule, lifike kama lilivyotoka. Ukiongeza hata moja, nakuja Ihanda kwa miguu."

NANI ANA DAMU

Tuliondoka mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja: Sweetbert mbele, Novatus katikati, mimi kwenye chuma cha mwisho. Bibi alikuwa amemfungia mjukuu wake ndizi kwenye jani la mgomba na chupa kubwa ya maji. Novatus alikula na kunywa njiani kama alivyoagizwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika jani.

Kwenye mlima wa kwanza pikipiki ilikohoa. Wa pili ilisimama kabisa. Sweetbert alikanyaga chini, akauliza bila kugeuka:

"Hapa nani ana damu tunayoitaka?"

Nikashuka. Nilidhani wataningoja juu ya mlima. Nilipofika juu niliona vumbi lao tu, mbali, nami nimebaki na jani la mgomba mkononi.

Nilitembea. Koti nililitia begani, kisha kwapani, kisha nikalichukia. Baadaye gari la ndizi lilinihurumia, nikapandishwa juu ya mikungu. Pale juu nikaanza kutunga maneno ya kusema nikifika, maana mazoea yana taabu. Maneno ya furaha niliyapata upesi. Halafu nikafikiri, je, nikikuta Jovitha hayupo? Nikajaribu kutunga maneno ya hilo pia. Nimesemea misiba mingi katika wilaya hizi mbili, lakini kwa mdogo wangu sikupata hata neno la kuanzia. Niliogopa. Nilishika mkungu kwa mikono miwili nikalia mpaka Ihanda, na waliokuwa barabarani walinipungia mkono wakidhani naimba.

DIRISHANI

Hospitali nilifika saa moja jioni. Novatus alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, chini ya dirisha la wodi ya wazazi, mgongo ukutani, plasta kwenye mkono na soda ya nusu. Sikuweza kumuuliza. Mama wa maabara alikuwa anapita na kiboksi chake, akaona nilivyo, akanionea huruma.

"Ilipimwa, ni salama, imeingia. Mtoto wa kike. Nenda ukamwone dada yako." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na wewe, B chanya, kesho asubuhi nakungoja."

Nilikwenda hiyo kesho, msianze kuuliza. Nililala kwanza ndipo wakachoma.

Wodini Jovitha alikuwa macho, midomo imekauka, mtoto amelala ubavuni kwake ndani ya kitenge cha Anitha. Juu ya kitanda ulining'inia mfuko, na damu ilikuwa inashuka tone, tone, inaingia mkononi mwake. Nilitazama yale matone, nikashika dirisha. Nje, chini yangu, niliona kichwa cha Novatus. Kijana hata hakuruhusiwa na desturi kumpa huyu mama mkono wa salamu.

"Kaka," alisema Jovitha, sauti ndogo. "Yuko wapi?"

"Hapa nje, chini ya dirisha."

Alivuta pumzi. "Mwambie asante."

Jamani, ninyi mnanijua. Maneno yalipanda kutoka tumboni: mababu, milima, mito, buni mbili za tunda moja. Yalifika kooni yote kwa pamoja. Nikamkumbuka bibi na fimbo yangu mkononi mwake. Nikainama dirishani.

"Anasema asante," nikasema.

Novatus hakugeuka. Alitazama soda yake. "Mwambie mimi ndiye nasema asante. Kwa Anitha."

Nikamgeukia Jovitha. Anitha alikuwa ameacha kupepea.

"Anasema yeye ndiye anasema asante. Kwa Anitha."

Jovitha alivuta kitenge akajifunika uso kwa ule mkono usio na sindano, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilibaki nimesimama katikati yao, vumbi la Isingiro mwili mzima.

Sikuongeza neno.